Akikosa, Mwambie Amekosa

Kisa hiki alinisimulia jirani yangu mshonaji, mwaka juzi wakati wa mvua za mwanzo, tulipokuwa tumekaa mlangoni kwake tukipinda mapazia. Sasa ana mvi na miwani, lakini wakati huo alikuwa na miaka kumi na mmoja. Kwa kuwa alikuwa mdogo wa mwili na hatulii mahali pamoja, nyumba nzima ilimwita Sisimizi.

Siku hizo Sisimizi aliishi na mama yake na dada yake katika vyumba viwili. Mama alikuwa dobi. Alinyoosha nguo za watu kwa pasi ya mkaa, na chumba cha mbele kilinukia wanga na nguo za moto kutwa nzima. Dada alisoma chuo cha uuguzi. Kila Jumapili alivipaka chaki viatu vyake vya turubai mpaka vikawa vyeupe pe, akaviweka dirishani vikauke. Sisimizi alivikodolea macho kama paka anavyokodolea maziwa.

Kila siku saa kumi alasiri, Sisimizi alikuwa na kazi yake. Alikaa juu ya kikapu cha nguo kilichogeuzwa, akashika karatasi ya majibu. Dada alikaa sakafuni na kalamu, akikokotoa hesabu za dawa. Chuoni walikuwa na mtihani wa hesabu hizo. Maswali ishirini, na kufaulu ni kuyapata yote ishirini. Ukipata kumi na tisa, umefeli. Ukifeli mara tatu, huingii wodini. Unarudi nyumbani kungoja darasa la mwaka ujao. Dada alikuwa amekwisha kufeli mara moja.

"Swali la kumi na nne," Sisimizi alisoma siku moja. "Mtoto ana kilo kumi na tano. Anatakiwa apate miligramu thelathini kwa kila kilo kwa siku, zigawanywe mara tatu. Dawa ya maji ina miligramu mia moja na hamsini katika kila mililita tano. Kila mara anywe kiasi gani?"

Dada aliandika, akafuta, akaandika tena. Jana yake alikuwa amelia mbele ya maswali hayo hayo.

"Mililita kumi na tano," alisema taratibu.

Sisimizi alitazama karatasi. Iliandikwa tano. Dada alikuwa amesahau kugawanya mara tatu. Alipoinua macho aliona midomo ya dada inatetemeka. Na huko nje wenzake walikuwa wanaruka kamba. "Sisimizi! Zamu yako inapita! Tutakuruka!"

"Sawa, dada," alisema. "Umepata."

Dada alishusha pumzi, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Sisimizi akatoka mbio kwenda kwenye kamba.

Ijumaa dada alirudi kutoka kwenye mtihani wa pili akaketi kizingitini bila kuvua viatu.

"Kumi na tisa," alimwambia mama. "Nimekosa moja tu, mama. Na hilo nililokosa ndilo nililokuwa na uhakika nalo. Tulilifanya hapa hapa na mdogo wangu."

Mama aliweka pasi chini. "Pole, mwanangu. Bado una nafasi moja."

Sisimizi alikuwa kando ya kikapu, akisikia yote. Angeweza kunyamaza; hakuna aliyemuuliza kitu. Lakini alipomwona dada anaitazama kalamu yake kana kwamba kalamu ndiyo iliyomdanganya, hakuweza.

"Dada, ni mimi. Ulikosa siku ile, mimi nikasema sawa."

"Kwa nini?"

"Nilikuonea huruma. Na... kamba."

"Kamba!" Dada alicheka kicheko kisicho na furaha. Akamnyang'anya karatasi ya majibu, na kwa siku mbili alifanya hesabu zake peke yake, uso ukutani.

Siku ya tatu Sisimizi alitoka shuleni akapitiliza moja kwa moja hadi chuoni. Alimtafuta mkufunzi wa hesabu za dawa, mama mmoja mnene ambaye wanafunzi walimwita Bi Nukta, maana nukta moja ikikosewa mahali pake, hakusamehe hata kidogo. Alimkuta ofisini akipanga vikombe vya kupimia dawa.

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja kuomba alama moja ya dada yangu. Kosa ni langu," alisema Sisimizi, akaeleza yote bila kuruka hata la kamba.

"Marahaba. Mwenzangu, umetembea kote huku kwa alama moja?" Bi Nukta alivua miwani. Alichukua vikombe viwili akatia maji: kimoja mililita tano, kingine kumi na tano. "Hebu tazama. Mtoto wa kilo kumi na tano. Mdogo kuliko wewe. Umpe kipi?"

Sisimizi aligusa kile kidogo.

"Na dada yako angempa hiki. Mara tatu kwa siku. Sasa mtoto akizidiwa, nimwambie mama yake kuwa kulikuwa na kamba?"

Sisimizi alitikisa kichwa. Machozi yalimdondoka.

"Alama siitoi. Ishirini kati ya ishirini, kwa sababu kila swali ni mgonjwa, na yule wa ishirini naye ana kwao. Lakini kazi nakupa. Rudi ukamsimamie. Akikosa, mwambie amekosa. Akilia, mpe leso. Akimaliza kulia, mwambie tena amekosa."

Alasiri ile Sisimizi alisimama mbele ya dada yake na leso mkononi.

"Nipe karatasi, dada."

"Uniambie sawa tena?"

"Nikuambie umekosa. Bi Nukta kanituma."

Dada alimtazama, akaitazama leso, akaangua kicheko, safari hii cha kweli. "Haya, askari. Soma."

Wiki nzima Sisimizi alisema "umekosa" bila kupepesa macho. Huko nje wenzake walimwita mpaka wakachoka. Mara mbili leso ilitumika. Siku ya mwisho hakusema "umekosa" hata mara moja, na kwa kuwa safari hii ilikuwa kweli, dada alilala bila wasiwasi.

Jumamosi ya mtihani dada alirejea adhuhuri. Alisimama mlangoni akainua vidole vyote kumi, akavikunja, akaviinua tena.

"Ishirini!" Sisimizi alipiga ukelele hadi mama akaunguza kola ya shati la mteja.

Walipotulia, mama alimvuta Sisimizi karibu. "Unaona, mwanangu? Ulipomdanganya ulidhani unampenda. Ulipomwambia ukweli hata akakununia, ndipo ulipompenda. Kumbuka hilo, hata kwa watu wasio ndugu zako."

Dada alikuwa amekwisha kulala kwenye mkeka, viatu vyeupe vingali miguuni. Mama naye, aliyeamka alfajiri, alisinzia kitini kando ya pasi inayopoa. Sisimizi alimfungua dada kamba za viatu polepole, akamvua, akaviweka dirishani, akajilaza ubavuni kwake. Alitaka kuhesabu ishirini kimoyomoyo. Alifika kumi na nne, usingizi ukamchukua.