Mistari Miwili ya Kila Ukurasa

Foleni ya duka la kuchapa, mkabala na lango la chuo, ilikuwa ndefu kiasi kwamba waliosimama mwishoni walikuwa na hatari ya kuhitimu kabla hawajafika mbele. Msinibishie, wiki ya kukusanya rasimu ndivyo ilivyo. Katikati ya msukumano huo alisimama binti wa mwaka wa tatu, gauni rangi ya haradali, raba nyeupe, kurasa arobaini amezikumbatia kama mtoto mchanga.

Kwenye kaunta alikuwepo fundi wa kujalidi vitabu. Wanafunzi walimwita Gundi, maana harufu hiyo ilimtangulia popote alipokwenda. Shati la bluu, mikono imekunjwa hadi viwikoni. Alipekua kurasa kama anachanganya karata, macho yakigusa mstari wa kwanza na wa mwisho, wa kwanza na wa mwisho, ahakikishe hakuna ukurasa uliokaa pasipo pake.

"Dada, kazi yako inahusu nini?"

"Jinsi tunavyosoma na kugombana mitandaoni."

"Kumbe tunasoma?"

Binti alicheka mpaka waliokuwa nyuma wakaguna. "Jalidi, kaka, acha maneno."

"Nikiacha maneno, namba yako nitaipataje?"

Akaipata. Kwa miezi miwili simu zao zilipata moto, ungeweza kuchemshia chai.

Siku binti alipoleta nakala ya mwisho, Gundi aliikagua kwa mtindo wake uleule. Ukurasa wa kumi na nne ulianza: "Kizazi hiki ni cha wajinga wasiosoma." Kifua kikamjaa fahari. Akaupiga picha mstari huo, akaurusha mtandaoni na jina la binti juu yake: "Mpenzi wangu kawachana! Nimeisoma yote, ni moto!"

Mstari wa pili, ambao hakuugusa, ulisema: "Hivyo ndivyo wanavyotusema wakubwa wetu, na nimeandika kurasa hizi kuwapinga."

Kabla ya saa sita mchana binti alikuwa ameshatukanwa na watu ambao hata chuo chenyewe hawakukijua. Mkuu wa idara akampigia simu. Aombe radhi hadharani na aiondoe sura hiyo kabla ya kesho adhuhuri, la sivyo tasnifu haipokelewi.

"Mwalimu, umeisoma?"

"Nimeona inavyosambaa."

Shangazi yake, aliyemlea, naye akapiga. "Mwanangu, omba radhi yaishe. Kwani utapungukiwa nini?"

"Shangazi, niombe radhi kwa sentensi niliyoipinga mwenyewe? Siombi."

"Kichwa kigumu kama marehemu baba yako!"

"Ahsante, shangazi."

Simu ya tatu aliipiga yeye. "Gundi, uliniambia umeisoma yote."

"Nimeisoma, kipenzi, kila ukurasa..."

"Umeisoma kama unavyopanga makaratasi! Watu wanaonitukana hawanijui. Wewe unanijua, na bado ulinisoma kwa juu juu. Usinipigie tena."

Asubuhi iliyofuata, duka lilifungwa wiki ya kazi nyingi kuliko zote. Mlangoni kulikuwa na karatasi: FUNDI ANASOMA. Wanafunzi waligonga, wakabembeleza, mmoja akatishia kulia. Hakufungua; ndani alikuwa na nakala ya tasnifu iliyobaki kwenye kompyuta ya duka, anaisoma neno kwa neno.

Binti naye aliingia ofisini kwa mkuu wa idara, akaweka tasnifu mezani.

"Kazi yangu hii, haijapungua hata nukta."

"Na radhi?"

"Hakuna. Someni kwanza. Mkimaliza, kama bado mnaona nimetukana mtu, nifukuzeni."

Mkuu alifungua ukurasa wa kumi na nne kwa hasira. Akasoma mstari wa kwanza, kisha wa pili. Akavaa miwani, akasoma wa tatu.

"Ukurasa huu umeuanza vibaya."

"Mwalimu, ule wa nyuma ulijaa. Ningefanyaje?"

Mzee alikohoa kikohozi ambacho hakikuwepo. "Iache hapo. Nitaisoma."

"Yote?"

"Toka, binti."

Hajafika ngazini, simu ikaita. Aliitazama mpaka ikakaribia kukatika, ndipo akapokea.

"Ukurasa wa thelathini na moja umekosea," Gundi alisema, bila hata salamu.

"Nini?"

"Umeandika kwamba aliyepotosha mtandaoni hajisahihishi, hufuta akakaa kimya. Mimi sijafuta. Nimeandika chini ya picha ileile, kwa jina langu na sura yangu: nilisoma mistari miwili ya kila ukurasa nikajitapa nimesoma yote, na nikamponza mwandishi. Nimeuweka ukurasa wote wausome."

"Wamekutukana?"

"Tangu asubuhi. Mmoja anasema hata uso wangu umejalidiwa vibaya."

Binti aliuma mdomo asicheke. "Mtu mmoja habomoi hoja yangu."

"Mimi nakupinga, mpenzi. Nimesoma mpaka tanbihi, na bado nakupinga."

"Utabishana na mimi mpaka lini?"

"Tuoane, tubishane kwa nafasi."

Simu ikakatika. Gundi aliitazama kama imekufa mkononi. Dakika tano baadaye mlango ukagongwa, na sauti ikapenya kelele za foleni: "Fungua, sikuja kuchapa!"

Akafungua. Binti aliingia, akavuta kiti, akaketi mbele ya kadamnasi nzima, gauni la haradali limejaa vumbi la barabarani.

"Na ombi langu?" Gundi akanong'ona.

"Ndiyo, nakubali. Lakini ukurasa wa thelathini na moja siubadilishi. Haya, leta hoja yako."