Spika ya Nyuma Kushoto

Jumamosi ile Masikio aliamka na furaha ya mtu aliyeachiwa nyumba nzima peke yake. Akapiga mswaki akiimba, akachana nywele akiimba, akatoka kwenda kununua spika huku bado anaimba. Jina la Masikio alipewa utotoni na shangazi yake, maana masikio yake yalisimama kama vishikio vya sufuria. Shangazi alizoea kusema, mtoto huyu ukimfua unamwanika bila vibanio. Watu walicheka, jina likaganda. Hata kwenye stoo ya vifaa vya ujenzi alikokuwa karani, bosi alimwita hivyo hivyo mbele ya wateja.

Duka la spika lilikuwa kwenye kona ya mtaa, na mwenye duka aliitwa Profesa Besi. Mwembamba kama waya, lakini akifungua mdomo vioo vya duka vinatetemeka.

"Unataka za kusikia au za kusikika?" akauliza.

"Kwani kuna tofauti?"

"Za kusikia ni zako. Za kusikika ni za jirani. Wateja wangu wengi wananunulia majirani."

Masikio alicheka mpaka akashika meza. Akaeleza shida yake: kompyuta iko kwenye chumba kidogo, kiti kimoja, filamu na mpira, basi. Amechoka na hedifoni.

"Hedifoni zimekufanya nini?"

"Zinanibana."

Akaishia hapo. Hakusema kwamba tangu msiba, kila akizivaa, anahisi mtu yuko nyuma yake anamwita, na akizivua hakuna kitu. Hedifoni haikwambii sauti inatoka wapi. Masikio alitaka kila sauti ikae mahali pake, aione inakotoka.

Profesa akamwekea seti mbili sakafuni. Ya kwanza ilikuwa spika mbili na boksi la besi. "Hii ni ya mtu mwenye haraka," alisema, akaisukuma kwa mguu. Ya pili ilikuwa spika tano na besi yake. "Sasa hii! Ya katikati inakaa chini ya skrini, hiyo ndiyo inasema maneno. Mbili mbele pembeni. Mbili nyuma ya kiti. Hizo za nyuma, ndugu yangu, ndizo zenye sinema. Mtu akikohoa nyuma yako utageuka umwambie pole."

Akatoa na kipaza sauti kidogo, kama kifungo cha nguo. "Hiki unakibandika pale kichwa chako kinapokaa. Programu inaliza spika moja moja, inapima kila moja iko mbali kiasi gani, halafu inakuchorea ramani. Itakijua chumba chako kuliko wewe."

"Haikosei?"

"Anayekosea ni mtu. Hii haina sababu ya kudanganya."

Masikio akabeba.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Shangazi. Ndiye aliyemlea Masikio, akamsomesha, akamfukuza na kumrudisha mara zisizohesabika. Uzee ulipomkuta, kiharusi kikampiga. Upande wa kushoto ukafa, maneno yakapotea. Akabakiwa na mkono wa kulia na akili zake zote, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Binti yake wa pekee alifanya kazi mji wa mbali. Masikio akasimama mbele ya ukoo, akapiga kifua: "Niachieni mimi." Ukoo ukapiga makofi, na ukaamua kwamba atakayemtunza Shangazi mpaka mwisho, nyumba ni yake.

Kwa kuwa Shangazi hakuweza kuita, Masikio alimpa kikombe cha bati na kijiko. Wakakubaliana. Akigonga mara moja, anataka maji. Akigonga mara mbili, ageuzwe. Akigonga mfululizo, njoo sasa hivi. Binti yake akazungushia uzi mwekundu kwenye mpini wa kijiko, akaufunga vizuri, ili kisiteleze mkononi mwa mama.

Mwanzoni Masikio alikuwa akisikia kijiko anakimbia. Baadaye akawa anatembea. Baadaye akanunua hedifoni.

Siku ya mwisho ilikuwa mchana, jua limewaka, yeye yuko katikati ya filamu. Kijiko kikalia mfululizo ukutani nyuma yake. Tusimtafutie visingizio: alisikia. Akapandisha sauti. Kijiko kikapenya. Akapandisha tena. Filamu ilipoisha akavua hedifoni, na nyumba ilikuwa imenyamaza.

Msibani alisema huku machozi yanamtoka kwamba alimshika Shangazi mkono mpaka pumzi ya mwisho. Wanawake wakamfariji. Ila binti wa Shangazi, ambaye Masikio humwita Dada, alimvuta pembeni. Waliomwosha mama yake walikuwa wameshindwa kufungua vidole vya mkono wa kulia. Wakamzika na kijiko chake.

"Ulimshika mkono upi?" Dada akanong'ona.

"Wa kushoto."

"Ule usiohisi kitu?"

"Huo huo."

 Dada akapanda gari akarudi kazini. Nyumba ikawa ya Masikio. Na kile kikombe cha bati, kwa kuwa kilikuwa bado kizima, akakifanya cha chai.

Basi mchana ule akafungua maboksi. Akaweka spika ya katikati chini ya skrini, mbili za mbele juu ya meza, besi mvunguni mwa meza. Akavuta nyaya za nyuma kando ya ukuta, akapigilia vibao viwili vya kuwekea spika mbili zilizobaki. Kibao cha kushoto kilikuja kwenye ukuta unaopakana na chumba cha Shangazi. Akagonga misumari mpaka dirisha la jirani likafunguka.

"We Masikio! Unajenga au unabomoa?" Alikuwa Mama Pacha.

"Najenga sinema! Leo utasikia risasi mpaka ujifunike!"

"Punguza makelele, mapacha wamelala."

"Mapacha wako wana miaka thelathini!"

"Ndiyo hao hao wamelala."

Masikio akacheka peke yake. Akapika chai, akaitia kwenye kikombe cha bati, akakiweka mezani mkono wa kulia na kijiko cha kukorogea ndani. Akabandika kile kipaza sauti juu ya egemeo la kiti. Akakaa. Skrini ikaandika: *Tulia kwenye kiti. Usisogee.*

Ya katikati ikatoa mlio: shhh. Mbele kulia, shhh. Mbele kushoto. Nyuma kulia. Nyuma kushoto. Besi ikaguna chini ya meza kama mtu aliyeshiba. Ramani ikajichora: kiti katikati, na kila spika nukta yake.

Kisha ikatokea nukta nyingine.

Ilikuwa nyuma kushoto, mbali kuliko zote. Mita nne. Masikio akageuka. Ukuta ule ulikuwa mita mbili tu kutoka kwenye kiti. Akahesabu nyingine mbili kichwani, zilizobaki upande wa pili. Zilifika kitandani.

"Profesa, wewe na mashine zako," akasema kwa sauti, ili asikie mtu akiongea. Akaibonyeza ile nukta ailize.

*Kling.*

Haikulia kwenye spika. Ililia nyuma ya ukuta.

Alisimama, akachukua ufunguo, akafungua chumba cha Shangazi. Kitanda kilikuwa kitupu, godoro alishalitoa. Dirisha limefungwa. Vumbi sakafuni halikuwa na alama yoyote. Akapumua. Akafunga mlango kwa ufunguo, akautia mfukoni, akarudi kupima upya.

Mita tatu.

Akapima tena. Mita mbili. Nukta ikalala juu kabisa ya spika ya nyuma kushoto, mbili zikawa moja. Na spika ikagonga yenyewe, taratibu. *Kling. Kling. Kling.*

Alimpigia Profesa simu.

"Spika zako zina nukta ya ziada."

"Ya ziada? Huo ni mwangwi, ndugu yangu. Chomoa za nyuma upime tena."

Masikio alichomoa. Nyaya zote mbili za nyuma akazishika mkononi, akazitazama, akazitupa sakafuni. Akakaa. Akapima. Nukta za nyuma zikafutika kwenye ramani.

Ilibaki moja. Mita moja.

"Profesa," akanong'ona. "Nimechomoa."

"Basi haziwezi kulia."

"Inalia. Sikiliza."

Akainua simu juu ya bega la kushoto. *Kling. Kling. Kling. Kling.* Akairudisha sikioni. 

"Nasikia kijiko," Profesa akasema kwa sauti ndogo. "Nani anakoroga chai hapo nyuma yako?"

Simu ikamponyoka. Mkono wa kushoto ulikuwa umeiachia bila yeye kuuambia. Akataka kuinama aiokote. Mkono haukwenda. Akataka kusimama. Mguu wa kulia ukakanyaga sakafu, wa kushoto ukabaki unaning'inia kama nguo ya mtu mwingine. Akafungua mdomo kumwita Mama Pacha. Ulimi ukalala upande mmoja. Kilichotoka kilikuwa mate.

Skrini ilikuwa bado imeandika: *Usisogee.*

Mkono wa kulia ulikuwa mzima. Ukapapasa mezani. Ukagusa kikombe. Ukapata kijiko.

Akagonga. Mfululizo. Njoo sasa hivi.

Filamu ikafunguka yenyewe. Ilikuwa ile ile ya siku ile, na haikuanzia mwanzo. Ilianzia pale alipopandisha sauti. Masikio akagonga kwa nguvu zaidi. Alama ya sauti kwenye skrini ikapanda kidogo. Akagonga tena. Ikapanda tena. Risasi zikajaa chumba. Nje, Mama Pacha akasema, "Leo hatulali!" Na dirisha lake likafungwa.

Nukta ikagusa kiti.

Filamu ikanyamaza ghafla. Ikaja harufu ya mafuta ya kuchua ambayo Masikio alikuwa akimpaka Shangazi, zile siku za kukimbia. Hakuna aliyesema neno. Shangazi hakuwa na maneno. Kijiko tu, kando ya sikio la kushoto, karibu mno, pole pole.

Mara moja.

Mara mbili.

Mbili maana yake ni *nigeuze*. Na kiti cha Masikio, kile cha kuzunguka, kikaanza kugeuka taratibu kuelekea nyuma.

Profesa alipiga simu mpaka akachoka, asubuhi yake akaja na begi la vifaa. Alimkuta Masikio kwenye kiti, ameelekea ukutani, macho wazi, hai. Upande wa kushoto umekufa. Mkono wa kulia ulikuwa umevuta kikombe mpaka mapajani na bado unagonga, pole pole, kwa kucha, kwa sababu kijiko kilikuwa kimedondoka.

"Jana nzima nilisikia kikombe," Mama Pacha akasema mlangoni, kajishika kifua. "Kinagongwa, kinagongwa. Nikasema kweli hizi spika ni za maana."

Dada aliacha kazi ya mbali akaja. Ukoo ukakaa tena, ukapiga makofi tena: atakayemtunza mpaka mwisho, nyumba ni yake. Akampangusa Masikio, akamvisha nguo safi, akamlaza kwenye chumba cha Shangazi, kitanda kile kile. Kazi yote aliifanya vizuri.

Profesa akarudi siku moja, shingo upande, akitaka kuzing'oa spika zake na kumrudishia Masikio pesa zake.

"Ziache," Dada akamwambia. "Ila hiyo ya nyuma kushoto ukiitikisa kuna kitu ndani. Itazame."

Profesa akaishusha. Kweli, ilicheza. Boksi lilikuwa limegundishwa kiwandani pande zote, halina mlango, halina tundu la kupita hata kidole. Ikabidi alipasue kwa patasi. Akatia mkono, akatoa kijiko.

Kilikuwa na uzi mwekundu kwenye mpini. Uzi ulikuwa na udongo, na udongo ulikuwa bado una unyevu.

"Hiki kimepita wapi?" Profesa akanong'ona. Hakungoja jibu. Begi lake liko pale mpaka leo, hakulifuata.

Dada alilitambua fundo, alilifunga mwenyewe. Hakukiosha kile kijiko. Alikichukua hivyo hivyo na udongo wake, akaingia chumbani, akainama kwenye sikio kubwa la Masikio.

"Nikumbushe," akanong'ona. "Ulimshika mkono upi?"

Akamwekea kijiko kwenye mkono wa kulia. Vidole vikafunga. Daktari amejaribu, Mama Pacha amejaribu na mafuta, na mapacha wake wawili wamejaribu kwa nguvu zao zote. Havijafunguka.

Akamwekea na kikombe cha bati pembeni, kisafi. Kisha akaenda chumba cha kompyuta, akakaa kwenye kile kiti, akachagua filamu. Nyuma yake, ng'ambo ya ukuta, kijiko kikaanza kulia mfululizo.

Dada alisikia.

Akapandisha sauti.