Taya la Kiboko

Ottilia, binti wa jirani yetu wa kijiji cha Mapera, alikuwa akichimba mifupa ya kale na rafiki yake Beata katika pango lililo juu ya mji wa Mbamba Bay, kando ya ziwa. Mifupa ya wanyama iliwaonyesha kile walichokula watu wa kale, na kile walichohamia kuwinda maji ya ziwa yalipopungua.

Asubuhi moja Beata alifukua taya la kiboko, mbali kabisa na maji, lenye mikato ya kisu cha jiwe. Mwalimu wao, alipotumiwa picha, akapiga simu kumpongeza Beata: kwa ugunduzi huo, yeye ndiye angekwenda kusoma ng'ambo. Ottilia alimkumbatia rafiki yake akicheka, lakini moyoni palifuka moshi. Shimo walilichimba wote. Kwa nini yeye?

"Twende tukale, dada," Beata akamwita.

"Tangulia. Nakuja."

Jua lilikuwa la utosi. Ottilia akalibeba taya hadi ndani kabisa ya pango, akalifukia. Bora wakose wote. Akaushindilia udongo kwa kiganja.

Chini ya kiganja, kitu kikakwaruza.

Akatulia. Kikakwaruza tena. Polepole, kama mtu akwanguaye nyama mfupani.

"Beata?" akanong'ona.

Kicheko cha Beata kilisikika mbali, kule chini jikoni kwa Mama Kunigunda, mpishi wao. Basi nani alikuwa akipumua humu?

Hofu ikaushinda wivu. Akaufukua udongo ili alirudishe taya. Mkono ukazama hadi kiwiko. Hakugusa taya. Aligusa vidole. Vya moto, vyenye mafuta. Vikamshika kidole chake cha mwisho, vikakipapasa pingili kwa pingili, kama mtu achaguaye nyama buchani.

Akapiga kelele.

Beata alimkuta amelala kifudifudi, mkono juu ya udongo mgumu, kama usiopata kuguswa na jembe.

"Nilikuonea wivu," Ottilia akalia. "Nimelifukia hapa. Nisamehe."

Beata akashika jembe. Alichimba mpaka akagonga mwamba. Taya halikuwapo.

Jioni kidole cha Ottilia kilining'inia kama kamba iliyolowa. Hakikuuma. Kesho yake wakapanda basi hadi hospitali mjini Mbinga, akapigwa picha ya eksirei. Daktari aliitazama picha, akaushika mkono, akaugeuzageuza akitafuta kovu.

"Dada, nani alikupasua?"

"Sijapasuliwa."

Daktari akaivuta ngozi. Ilikuwa nzima, haina hata mchubuko. Ndani ya kidole hamkuwa na mfupa.