Kilichokunywa Maji ya Kobe

Beseni lilikuwa limejaa Hilda alipotoka kwenda kuanika nepi. Aliporudi lilikuwa nusu.

Sakafu ilikuwa kavu. Kobe alikuwa juu ya jiwe lake katikati ya beseni, kichwa amekikunjia ubavuni chini ya gamba, na chumba kizima kilinuka tope. Nje ilikuwa saa saba mchana, mwezi wa kumi, jua la Chamwino limesimama utosini.

"Klara, umemwaga maji ya kobe?"

"Sijayagusa, mama. Nimetoka shule sasa hivi."

Kobe huyo wa maji aliletwa na mume wa Hilda, Ernest, dereva wa trekta kwenye mashamba ya mpunga kule Bahi, aliyekuwa akirudi nyumbani Jumamosi tu. Alimkuta amekwama kwenye tope la mfereji unaokauka, akamvika kofia yake asiungue na jua, akamletea binti yake wa miaka saba. Klara alimwita Mheshimiwa, kwa sababu alikuwa akisinzia huku ameketi vizuri. Alimtunza kweli kweli: dagaa watatu asubuhi, jani la mchicha jioni, kuota jua uani, na maji mapya kila baada ya siku mbili.

Yale maji ya zamani Hilda hakuyatupa. Chamwino nani anatupa maji? Aliyanyunyizia uani kabla ya kufagia, kutuliza vumbi, kuanzia getini mpaka kizingitini, kama kila mwanamke wa mtaa ule anavyofanya na maji ya vyombo.

Kesho yake, saa ile ile, alisikia sauti. Alikuwa mkekani akimnyonyesha Nathan, mtoto wake wa miezi minne. Ilikuwa sauti ya kufyonza, taratibu, kama ng'ombe aliyetoka machungani. Aligeuza shingo akaona maji ya beseni yakibonyea katikati, yakibonyea pasipo mdomo juu yake, yakishuka kidole kwa kidole huku kobe akijificha na kutoa harufu yake ya woga, mpaka jiwe likabaki wazi na ile sauti ikahamia kwenye ndoo ya maji ya kunywa iliyokuwa nyuma ya mgongo wake.

Siku ya tatu mtungi ulikauka, na birika pia. Siku ya nne Nathan alinyonya, akaachia, akalia kilio kikavu kisicho na machozi. Hilda alijikamua. Hakikutoka kitu.

Tereza, jirani wa ng'ambo ya njia, alikuja bila kuitwa. Yeye mwenyewe alikuwa na kichanga, Emiliana, na ndoo mbili tu za maji kwa wiki nzima. Alileta moja. Kisha akakaa, akamchukua Nathan, akampa titi lake kana kwamba ni jambo la kila siku.

"Shoga," alinong'ona, "mtoe huyo mdudu."

"Si mdudu. Ana jina."

"Haya, mtoe huyo mbunge wenu. Tangu aje, nyumba yako inanuka kama Bahi wakati wa masika, na mvua hatujaiona."

Siku ya tano Tereza alimleta Mzee Sila, mganga. Alikataa kuvuka kizingiti. Alikaa kwenye kigoda nje ya mlango, akanusa hewa kwa muda mrefu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Jini wa dimbwi huyu. Dimbwi lake limekauka, sasa anatafuta maji popote. Huyo kobe ndiye kiti chake. Washa mkaa, mama. Tumchome na gamba lake, moshi uingie kila chumba."

Klara alimnyakua Mheshimiwa akamkumbatia, maji yakichuruzika kwenye sketi ya shule.

"Mzee," Hilda alisema, "heshima yako nimekupa, na chai utakunywa. Lakini kobe hachomwi."

"Basi utamzika mwanao."

Saa saba ilikuwa imefika. Asubuhi ile Hilda alikuwa amenyunyizia maji ya kobe uani, na kila alipoyarusha yaliacha alama nyeusi ambayo, ajabu, hata jua lile lilikuwa bado halijaikausha. Sasa alama ya kwanza, karibu na geti, ilifyonzwa ikawa nyeupe. Kisha ya pili. Kisha ya tatu, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, zikikauka moja baada ya nyingine kuelekea mlangoni huku mahali pakavu pakiachwa bila kuguswa, na Mzee Sila akainuka kwenye kigoda, akakisogeza, akasimama nyuma ya kigoda hicho kama mtoto.

Kifuani pa Klara, kobe alikunja kichwa na kunuka.

"Mnaona?" Hilda alisema polepole. "Anaogopa kama sisi. Si yeye aliyemleta. Ni mimi. Nimemnyunyizia jini njia kwa mikono yangu, mpaka mlangoni, kama mgeni wa harusi."

Alimpa Tereza mtoto. "Klara, mshike Mheshimiwa juu." Akabeba beseni.

"Usimpe mgongo!" Mzee Sila alionya kwa sauti ya chini.

"Nani anampa mgongo?"

Alimwaga tone kizingitini, tone mbele yake, akazunguka ile alama iliyokuwa ikikauka na kuanza kutembea kinyumenyume kuelekea getini, akiitazama hewa. Tone, hatua. Tone, hatua. Kitu kikageuka, kikamfuata. Vumbi lilijizungusha likasimama kimo cha mlango, halina mikono, halina macho, na mahali pa uso palikuwa na kitu kimoja tu chenye unyevu, mdomo, ukifunguka na kufumba kila tone lilipoanguka, ukikaribia kifua chake kiasi kwamba alihisi ubaridi ukipenya kanga, lakini hakuharakisha wala hakufumba macho, akapita geti, akapita nyumba ya Tereza, mpaka korongoni, kwenye mchanga mtupu. Hapo akamimina maji yote.

"Kiu naijua," alisema, kwa hasira zaidi kuliko hofu. "Kila mchana nitakuwekea kikombe nje ya geti langu. Kikombe kimoja. Geti langu usilivuke. Maziwa ni ya mwanangu. Ukirudi ndani, namwaga kila tone lililomo mtaani, na wewe ndiwe utakayetangulia kufa."

Vumbi lilikaa kidogo. Kisha likaanguka, kama nguo iliyovuliwa.

Jioni ile maziwa yalirudi hata yakalowanisha blauzi. Tereza alicheka mpaka akalia. Tangu siku ile maji ya Mheshimiwa yalimwagwa korongoni, na kikombe cha bati kiliwekwa nje ya geti. Kila mchana Hilda alikikuta kitupu, kimefunikwa kifudifudi kwa adabu. Kobe aliota jua kwenye jiwe lake, shingo ameinyoosha.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwezi wa kumi na mbili, tangu alfajiri. Mtaa mzima ulitoka na ndoo. Ardhi ililowa pote, njia na nyua na vizingiti, wala hapakubaki mahali pakavu pa kuweka mguu.

Saa saba mchana Hilda alikwenda kuchukua kikombe. Safari hii hakikufunikwa. Kilikuwa kimejaa maziwa, ya uvuguvugu, yamewekwa vizuri kama mtu anavyomrudishia jirani chombo chake.

Alijigusa kifua haraka. Kilikuwa kimejaa, maziwa yake yalikuwepo.

Ng'ambo ya njia Emiliana alianza kulia. Kilio kikavu, kisicho na machozi.

Hilda alikuwa amemkataza jini geti lake mwenyewe tu.

Hilda alimwaga yale maziwa njiani. Aliingia ndani, akamtoa kobe kwenye beseni, akamweka mikononi mwa binti yake.

"Mshike juu, Klara."

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwa Tereza, nikamtoe na huko," alisema, akajitwika beseni kichwani. "Alininyonyeshea mtoto."

Akavuka njia, matope yakifyonza miguu yake.