Kidole Kitupu Pembeni mwa Picha

"Pete iko wapi?" nilimuuliza mchumba wangu, nikimsogezea simu yake yenye picha alizopiga kazini.

Alikuwa jikoni kwao akimenya vitunguu. Aliitazama picha, akanitazama mimi, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Wiki hiyo alikuwa amenunua lenzi ya jicho la samaki, ile ndogo ya kubana kwenye simu, na akawa hashikiki. Alipiga picha ngazi za ofisini, makabati ya mafaili, paka wa jirani, hata pua yangu, iliyotoka kubwa kama kiazi. Lenzi hiyo inameza kila kilicho mbele na pembeni. Usipokunja vidole vizuri, navyo vinaingia. Yeye alikuwa bado hajajua kukunja. Kwenye picha za Jumapili, tukiwa pamoja, kidole chake kina pete. Za kazini, Jumatatu mpaka Ijumaa, kidole ni kitupu.

"Huwa naivua nikifika getini," alisema.

"Kuna mwanaume?"

"Hakuna."

"Sasa?"

Akaweka kisu chini.

"Ulinivisha mbele ya mama, wajomba na majirani, watu wakapiga makofi. Mimi uliniuliza lini?"

Nilijibu kwamba nilidhani jibu nalijua. Akasema hata yeye alitamani kulijua. Kazini kila mtu anamuuliza harusi lini, naye hana la kusema, ndiyo maana anaivua, apumzike.

Mimi hasira zangu ziko karibu. Niliondoka bila kuaga, mama yake akiniita nisubiri chakula.

Kesho yake asubuhi nilikuwa juu ya lifti mbovu nikiitengeneza, maana hiyo ndiyo kazi yangu, huku nikiwaza. Kabla ya kumvisha pete nilikuwa nimemwomba mama yake ruhusa. Nikamwomba mjomba wake. Mpaka mpishi wa keki nilimuuliza ushauri. Mwenye kidole peke yake ndiye ambaye sikumuuliza. Niliona aibu kweli.

Mchana nilimfuata kazini kwake, nikamwomba pete. Aliitoa mfukoni taratibu.

"Tumeachana?" aliuliza.

"Hapana. Nataka ufikirie bila kitu mkononi. Ukisema hapana, kwenu nitakwenda kueleza mwenyewe, wasikusumbue."

"Unanitaka mimi, au unataka kuoa?"

"Wewe. Ndoa hata ikichelewa."

Siku kumi na tisa hakuniandikia neno. Nilikonda, sifichi. Mama yake alipiga simu mara nne kuulizia tarehe ya harusi, nikawa namzungusha tu.

Siku ya ishirini nikiwa na spana mkononi, ujumbe ukaingia: "Niulize sasa."

Niliandika, nikafuta, nikaandika tena: "Utakubali tuoane?"

"Ndiyo. Na usimwambie mtu kwanza."

Tulikaa na jibu hilo wiki nzima, sisi wawili tu. Mara hii mama yake alikuwa wa mwisho kujua, na aliyemwambia ni binti yake.