Wageni wa Msiba wa Festus Loftus

Siku ya kumi na tisa tangu amzike mumewe, Concepta Loftus alipiga simu redioni kushukuru.

Aliyepokea ni Dympna Heraghty. Dympna ndiye anayetusomea matangazo ya vifo, saa tano asubuhi na saa kumi na moja jioni, baada ya habari, na huu ulikuwa mwaka wake wa ishirini na sita. Huku kwetu serikali ikianguka tunaweza kusubiri mpaka kesho kusikia, lakini vifo hatuvikosi. Mwenye trekta huizima, mwenye mtoto anayelia humpa titi, mpaka majina yaishe.

"Dympna, mwanangu, asante kwa tangazo la Festus," Concepta alisema. Alizungumza chinichini, kama asiyetaka kusikika chumba cha pili. "Watu walikuja. Walijaa."

"Tumshukuru Mungu, Bi Concepta."

"Ila nikuulize, maana wewe ndiye mjuzi wa misiba. Wageni huwa wanaondoka lini?"

"Wageni gani?"

"Hawa wa mkesha. Bado wamekaa. Ngoja, birika linachemka. Hawapendi kungoja."

Simu ikakatika. Dympna alibaki ameishika mkononi. Alimhurumia yule mama, akajiambia ni uchungu tu, wajane husema mengi. Lakini moyo haukutulia, akafungua kompyuta kulitafuta tangazo la Festus.

Maiti huku kwetu hairudi nyumbani kujificha. Inalazwa sebuleni mikesha miwili, jeneza wazi, dirisha limeachwa wazi kidogo ili roho ipate njia, na majirani wote huja kumpa mfiwa mkono, kukaa, kunywa chai na kumsema marehemu kwa mema na kwa vituko vyake. Marehemu haachwi peke yake hata dakika moja. Kuna sentensi moja tu inayoweza kutuzuia mlangoni, nayo husomwa mwisho wa tangazo ikiwa familia imeomba: nyumba ni ya familia tu. Ukiisikia hiyo, huendi, hata kama marehemu alikuwa rafiki yako tangu utotoni.

Ilikuwepo. Pale chini kabisa ya tangazo la Festus, nyumba ni ya familia tu, tafadhali. Concepta hakuwa ameiomba. Dympna alikuwa amechukua tangazo la marehemu wa jana yake, akabadilisha jina, kanisa na saa, akasahau kuufuta mstari wa mwisho. Kisha akausoma hewani mara mbili kwa sauti yake nzuri ya msiba. Na Concepta angejuaje? Nyumba yenye maiti huzima redio.

Hapo ndipo maneno aliyoyasikia dukani yakamrudia. Packie Durcan, aliyekata nyasi pamoja na Festus kila kiangazi kwa miaka arobaini, alikuwa amesema mbele ya watu wote, "Mama yule ametuona sisi takataka. Hata kumuaga mwenzangu nimefungiwa mlango." Tangu hapo watu walikuwa hawamsalimii Concepta. Kanisani walimpa mkono harakaharaka wakatoka. Dympna mwenyewe alikuwa amemwona ni mtu wa maringo.

Akaangalia nyuma kama kuna mtu. Kisha akaufuta ule mstari, akahifadhi, akafunga kompyuta. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, lakini aliufuta.

Alasiri hiyo alikwenda kwa Concepta na keki. Mlango ulikuwa wazi na mvua inaingia ndani. Sebuleni kulikuwa na viti kumi vya ukumbi wa parokia, vimepangwa ukutani kuzunguka nafasi lilipokuwa jeneza, na moto unawaka vizuri, lakini baridi ya mle ndani ilikuwa ya kutafuna mifupa. Kulinuka sufu iliyolowa na maji ya kinamasi. Chini ya kila kiti zulia lilikuwa limelowa alama mbili, pale miguu ya mtu inapokaa.

Concepta alitoka jikoni na sinia. Alikuwa amekonda nusu yake, na vidole vyake vilikuwa na malengelenge ya birika.

"Umefanya vizuri kuja," akanong'ona. Akaenda kiti hadi kiti akibadilisha vikombe. Alivyoviondoa vilikuwa vitupu, ila chini vilikuwa na tope jeusi. Dympna alishika kiti cha karibu ili akae.

"Hapo pana mtu," Concepta alisema kwa upole.

Dympna aliuondoa mkono. Mto wa kile kiti ulikuwa umebonyea katikati, na alipokuwa akiutazama ulibonyea zaidi, upande mmoja, kama mtu anavyojisogeza akikuachia nafasi.

"Unalala saa ngapi, Bi Concepta?"

"Nitalalaje na kuna wageni?"

"Umelia hata kidogo?"

Concepta alimtazama kama aliyeulizwa jambo la kipuuzi. "Mwanangu, nitalia saa ngapi? Hawa wanataka chai."

Dympna hakuaga. Alikwenda moja kwa moja kwa Josie Tolan, mwana wa saba wa baba aliyekuwa naye mwana wa saba, ambaye watu humwendea kwa mkanda wa jeshi, kwa watoto walioshtuka, na kwa mengine yasiyosemwa kwa daktari. Alimkuta zizini anawakata kondoo kwato. Akamweleza yote, isipokuwa habari ya kuufuta ule mstari.

Josie aliendelea na kwato mpaka alipomaliza mguu aliokuwa ameushika.

"Viti vimepangwa, chai imewekwa, mlango wazi, na binadamu hakuna," alisema. "Basi wakaingia wale wengine. Unawajua ninaowasema."

Dympna aliwajua. Nchi nyingine huwaita majini na kuwatolea majina. Sisi husema wale, basi, tena kwa sauti ndogo.

"Watamfanya nini?"

"Hawamfanyi kitu. Wanakaa tu. Yeye ndiye atakayekwisha. Mwezi huu hataumaliza."

"Padri je?"

"Padri atawanyunyizia maji, nao watasema asante. Wageni hawa walialikwa, Dympna. Aliyewazuia watu ndiye aliyewaita." Akamwachia kondoo. "Wanaotakiwa kukaa viti vile waje wakae, wale watanyanyuka. Wakinyanyuka watauliza ni nani aliyewaita. Aliyewaita ajibu mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya watu. Wataondoka naye."

"Waende naye wapi?"

"Kwake."

"Wakae muda gani?"

Josie alijifuta mikono kwenye suruali. "Hilo sikudanganyi. Mimi sijawahi kuona mtu akijibu."

Siku mbili Dympna hakula. Miaka ishirini na sita watu walikuwa wakimwambia njiani, Dympna, mimi nikifa unisome wewe. Hilo ndilo lilikuwa jina lake. Siku ya tatu, saa kumi na moja jioni, alisoma hivi: kwamba kutokana na hitilafu ya mitambo, tangazo la marehemu Festus Loftus lilisomwa visivyo, kwamba Bi Concepta hakumzuia mtu, na kwamba Jumapili baada ya misa ya mchana nyumba itakuwa wazi kwa wote. Mitambo, alisema. Na mitambo haina wa kuitetea.

Jumapili walikuja. Magari yalijaa barabara mpaka darajani. Packie Durcan alitangulia, amevaa suti, macho mekundu, akamshika Concepta mikono yote miwili. "Pole kwa msiba, Concepta. Nisamehe, mimi ni mjinga."

"Ingia, Packie. Sijui kama utapata pa kukaa."

Waliingia wakasimama. Viti vilikuwa vitupu, na hakuna aliyevigusa. Watu walifunga makoti, wakaziba pua kwa leso, wakajifanya wanakohoa. Josie Tolan alikuwa kando ya moto. "Kaeni," alisema. "Kila kiti."

Packie ndiye aliyeanza. Alipoketi alivuta pumzi kama aliyeingia mtoni asubuhi, akashikilia magoti yake, lakini alikaa. Akafuata mke wa mwenye duka, kisha wengine, mpaka vyote kumi vikajaa, na baridi yote ikatoka ukutani ikaja kusimama katikati ya chumba, pale lilipokuwa jeneza.

Josie akaanzisha rozari. Sala ilikwenda vizuri kwa fungu la kwanza. Kwenye fungu la pili Dympna, aliyekuwa amejibana mlangoni, alisikia kwamba wanaoitikia ni wengi kuliko waliomo, kwamba kila watu wakisema utuombee kulikuwa na utuombee nyingine iliyochelewa kidogo, ya sauti nzito zenye maji kooni, na kwamba haikutoka kwenye viti wala jikoni bali pale katikati ambapo hapakuwa na mtu. Na watu nao walisikia, maana mmojammoja waliacha kuitikia, mpaka wote, waliokaa na waliosimama, wakawa kimya na Josie mwenyewe kimya, shanga zimesimama vidoleni, na bado sala iliendelea kuitikiwa, utuombee, utuombee, polepole, bila aliyeianzisha, huku zulia likilowa kutoka katikati kuelekea kwenye viatu vya watu.

Kisha ikakoma. Concepta aliinamisha kichwa, kama anayenong'onezwa na mtu mfupi.

"Wanauliza ni nani aliyewaita," alisema.

Packie alimgeukia Dympna. "Si ni mitambo? Wewe ulisema mitambo."

Dympna alifungua kinywa. Lilikuwa neno moja tu, ndiyo, na angerudi kazini kesho na sauti yake na jina lake.

"Mitambo hawaijui," Concepta alisema baada ya kusikiliza. "Wanataka mtu." Alijifuta mikono kwenye aproni, ile mikono yenye malengelenge, akanyoosha mgongo kwa shida. "Basi nitasema ni mimi. Nyumba ni yangu, na chai ni yangu. Mtu asisumbuliwe kwa msiba wangu."

"Josie," Dympna alinong'ona, "akijibu yeye itakuwaje?"

"Watabaki naye."

Concepta alikuwa ameshavuta pumzi ya kusema.

"Ni mimi," Dympna alisema. Sauti ilitoka mbovu, ya kukwaruza, hakuna aliyewahi kumsikia nayo. "Hapakuwa na hitilafu ya mitambo. Nilisahau kufuta mstari wa marehemu mwingine, nikausoma. Kisha nikajua. Nilikusikia dukani, Packie, unamtukana mama huyu, na nilipojua kosa ni langu niliufuta mstari ili lisionekane. Mimi ndiye niliyewafungia ninyi mlango. Mimi ndiye niliyewaita hao."

Kitu kilimshika mkono wa kulia. Ulikuwa mkono mkubwa, umelowa, baridi kama samaki, nao ulimtikisa mara moja kwa heshima zote, vile sisi tunavyompa mkono mfiwa. Ukamwachia. Ukaja mwingine, mdogo kuliko ule. Ukaja mwingine. Watu waliona mkono wake ukipanda na kushuka hewani, mara kumi, na wakaona midomo yake ikisema asante, asante, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa.

Zulia likaanza kukauka. Moto ukashika kweli, na watu wakasikia joto lake. Concepta alitazama chumba kizima, uso mmoja baada ya mwingine, majirani zake aliowajua kwa majina, akakaa chini palepale sakafuni na kumlilia Festus kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka kanisani. Packie alipiga magoti kando yake. Wanawake wakamzunguka. Usiku ule alilala usingizi wa muda wa saa kumi na nne.

Dympna alitoka bila kuagwa. Hakuna aliyemtazama, na sijui kama ni kwa hasira au kwa hofu. Alitembea kwa miguu kilomita mbili hadi kwake, katikati ya barabara, taratibu, kama mtu aliyefuatana na wazee. Alipofika alifungua mlango akasimama kando, akauacha wazi mpaka harufu ya kinamasi ilipompita yote. Ndipo akaingia na kuweka birika motoni. Kabatini alikuwa na vikombe sita. Akavipanga mezani, kisha akainama chini ya sinki kutafuta chupa nne tupu za jamu.