Nilitia Sahihi Nyumba ya Baba Ibomolewe

Nina umri wa miaka arobaini na nne, sina mume, na nimepanga chumba kimoja hapa Mikumi. Wasomaji wenzangu, naandika nikiwa na hasira. Mtanisamehe, kwa upole siwezi...

Nilizaliwa milimani, juu ya Zombo. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nyumba yetu aliijenga mwenyewe kwa mawe, vyumba vitatu na baraza lililotazama ziwa dogo katikati ya vilima. Tulizaliwa wawili tu, dada yangu Skola na mimi. Skola aliolewa Mikumi, akapata kazi kwenye hoteli ya watalii. Mimi ndoa ilinishinda, nikarudi nyumbani kuwatunza wazazi.

Yale yalikuwa maisha! Masika ziwa lilipanda mpaka kwenye migomba, vyura wakapiga kelele hata mezani hatusikilizani. Kipupwe ukungu haukuondoka mpaka saa nne asubuhi, tukaota moto jikoni huku tunamenya maharage mabichi. Kiangazi maji yalirudi nyuma, nami nikapanda mchicha kwenye tope lililobaki. Vuli bata maji walirejea, na baba aliacha chai ipoe akiwahesabu.

Mama alipofariki tulimzika pale pale, juu kidogo ya maji. Baba akaniambia, "Na mimi mtanilaza hapa."

Kiangazi cha mwaka juzi baba akapata kiharusi. Upande mmoja ulikufa ganzi, ulimi ukawa mzito. Skola akaja na gari la kukodi.

"Mdogo wangu, huku mlimani utamuua mzee," alisema. "Twendeni kwangu, hospitali iko karibu. Nyumba nitaiangalia mimi."

Nililia kwa shukrani! Nilimshukuru Mungu kwa kunipa dada!

Wiki ya pili tu, nikiwa namlisha baba uji, Skola aliniletea karatasi. Alisema ni fomu za matibabu, baba ameshaweka dole gumba, ninatakiwa kutia sahihi kama shahidi. Zilikuwa kurasa mbili, kwa Kiswahili, na mimi nimesoma mpaka kidato cha nne! Lakini dada yako mkubwa, mliyenyonya naye ziwa moja, utaanzaje kumhoji? Nilijifuta uji mkononi, nikasaini.

Mvua za kwanza ziliponyesha nilipanda bodaboda kwenda nyumbani kuchukua mbegu za mahindi na mablanketi. Kuna kona ambapo bati letu huanza kuonekana. Tulipofika pale sikuliona. Nikadhani ni ukungu...

Haukuwa ukungu. Nyumba haikuwepo! Mawe ya baba yalikuwa yamerundikwa pembeni, migomba imefyekwa, na uzio wa waya umezunguka kila kitu, pamoja na kaburi la mama. Mlinzi akanizuia getini.

"Mama, hapa huruhusiwi. Ni pa mwekezaji, panajengwa vibanda vya wageni."

"Hapa ni kwetu!"

"Wenyewe mmeuza, mama. Mimi ni mlinzi tu."

Niliporudi Mikumi nilimkuta Skola anaanua nguo. Mnadhani alishtuka? Aliendelea kukunja shuka! Alisema baba hawezi tena kuishi kule, nami ningebaki peke yangu kufanya nini, kusikiliza vyura? Kisha akanigeukia. "Na usinipigie kelele. Si ulisaini?"

Nilikwenda baraza la ardhi. Mwenyekiti alinyoosha ile karatasi mbele yangu.

"Hii sahihi ni ya nani?"

"Yangu."

"Ulilazimishwa?"

Nilitikisa kichwa. Nilirudi kwa Skola na aibu yangu, maana sikuwa na pengine pa kumpeleka baba.

Lakini kilichonichoma zaidi ni baba. Hakuambiwa. Daktari alionya kwamba mshtuko mwingine ungemmaliza, na hata hatua tatu hakuweza kwenda bila kushikwa. Kila asubuhi aliniuliza kwa ulimi wake mzito, "Maji yamefika wapi?" Nikamjibu kwamba yamefika kwenye migomba. Kipupwe nikamwambia jirani anawasha moto jikoni ili paa lisioze. Vuli nikamwambia bata wamerudi, tena wengi. Alitabasamu kwa nusu ya mdomo iliyobaki hai. Mwaka mzima nilimdanganya baba yangu, na Skola yuko chumba cha pili anasikia!

Masika yaliyopita baba akafariki. Tulituma watu kwa mwekezaji kuomba alazwe karibu na mama. Jibu likaja kwamba wageni hawapendi kuona makaburi. Baba yangu amezikwa makaburi ya hapa Mikumi, kati ya watu asiowajua.

Siku ya mazishi Skola alisimama kusoma wasifu wa marehemu. Akafika mahali palipoandikwa, "Baba alipenda sana nyumba yake ya ziwani..." Nilishindwa! Niliinuka, nikamnyang'anya karatasi mbele ya waombolezaji, nikasema yote. Mchungaji akanisihi, "Mama, tuliza moyo, tuko msibani." Nikamwambia, "Baba mchungaji, mwulize marehemu nyumba yake iko wapi!" Watu waliinamisha vichwa. Skola akaondoka kabla hatujafukia kaburi.

Sasa wazee wa ukoo wananiita tupatanishwe. Wanasema damu haiwi maji. Sijakwenda. Tukikutana sokoni namtazama usoni, na shikamoo yangu haipati.

Lakini sijidanganyi. Skola alileta karatasi, mkono uliosaini ni wangu. Niliona haya kusema maneno manne tu: "Dada, ngoja kwanza nisome."

Ndugu zangu, semeni! Anayekuletea karatasi akununie, akuite huna adabu, akususie mwaka mzima. Acha anune. Soma mpaka mstari wa mwisho, ndipo ushike kalamu.